Re: Koleji ya jamii kwanza, au chuo kikuu moja kwa moja? (California)

Kutoka: Mama wa Sacramento

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Binti yetu anamaliza haiskuli mwaka huu. UC (University of California) aliyoitamani wamemkatalia, ila amepata nafasi Cal State (California State University) moja iliyo mbali na nyumbani. Sasa mwenyewe anasema bora aanze koleji ya jamii hapa hapa karibu, asome miaka miwili, kisha aombe kuhamia UC Davis. Baba yake hataki hata kusikia. Anasema hatukutoka Moshi kuja kumpeleka mtoto chuo kinachopokea kila mtu, na ndugu wakipiga simu kuuliza anasoma wapi, tutawaambia nini?

Kusema kweli hata mimi sielewi vyuo hivi vinahusianaje. Mara UC, mara Cal State, mara koleji, na vyote vinaitwa vya umma. Nani yuko juu ya nani? Halafu kuna mpwa wangu yuko Dar, anauliza kama akija kukaa kwetu atalipa ada ya wenyeji. Mwenye kujua atusaidie, tarehe za kuthibitisha nafasi zinakaribia.


Kutoka: Mjomba wa Oakland

Dada yangu, pole na mashauri ya nyumbani. Kazi yangu imekuwa na wanafunzi wanaohama kutoka koleji kwenda vyuo vikuu, na maneno ya shemeji nimeyasikia kwa wazazi wa Kikenya, wa Kitanzania na wa Kiganda. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu njia anayoitaka binti ilipangwa makusudi na jimbo lenyewe.

Hakuna aliye juu ya mwenzake. California ina mifumo mitatu ya vyuo vya umma, kila mmoja una bodi yake, sheria zake na asili yake.

UC ilianzia kwenye ardhi. Mwaka 1862 Rais Lincoln alitia saini sheria ya Morrill, iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali kuu wauze, na fedha zitakazopatikana zianzishe vyuo vya kilimo na ufundi. California ilipata ekari 150,000. (Ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa asili walionyang'anywa, na mtu asomaye historia hii asiliruke hilo.) Wakati huo huo Oakland palikuwa na chuo binafsi, College of California, chenye walimu na kiwanja lakini kikihangaika na fedha. Vikaunganishwa, na tarehe 23 Machi 1868 sheria ya kuunda University of California ikatiwa saini. Masomo yakaanza Oakland 1869, na 1873 chuo kikahamia Berkeley. Katiba ya jimbo ya 1879 ikaipa UC uhuru wa pekee chini ya Bodi ya Regents, yaani wasimamizi wake wakuu. Ndiyo maana mpaka leo wabunge wanaweza kuibana kwenye bajeti, lakini kuiamrisha mambo yake ya ndani ni vigumu.

Cal State inatokana na vyuo vya ualimu. Cha kwanza kilianza San Francisco 1857 kama masomo ya jioni ya walimu, jimbo likakichukua 1862, na 1871 kikapelekwa San Jose. Ndicho San José State cha leo. Mwambie shemeji pia kwamba UCLA, ambayo ndugu wote nyumbani wanaijua, asili yake ni chuo cha ualimu cha Los Angeles kilichogeuzwa tawi la kusini la UC mwaka 1919. Chuo cha ualimu cha jana ndicho watu wanachokililia leo.

Koleji zilikuja mwisho. Sheria ya 1907 iliruhusu sekondari kufundisha masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu, na Fresno wakawa wa kwanza kuitumia, 1910. Wazo hilo lilipigiwa debe na wakubwa wa vyuo vikuu wenyewe, akiwemo David Starr Jordan aliyekuwa rais wa Stanford. Walitaka kijana asome miaka miwili karibu na kwao, kisha aje kumalizia chuo kikuu.

Sasa naomba shemeji asome hapa taratibu. Miaka ya 1950 watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wanakaribia umri wa chuo, na kila mbunge alitaka chuo kipya eneo lake. Vyuo vya ualimu vilivyokuwa vimekua vilitaka kutoa shahada za udaktari (PhD) kama UC, na UC haikutaka. Clark Kerr, rais wa UC, akaongoza mapatano yaliyoitwa Master Plan, na mwaka 1960 Gavana Pat Brown akatia saini sheria yake. Wakagawana kazi. UC ipokee wanafunzi kutoka moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari za jimbo, ifanye utafiti na kutoa udaktari. Cal State ipokee kutoka theluthi ya juu, isomeshe walimu na wataalamu. Koleji zimpokee yeyote anayeweza kufaidika na masomo.

Ukiishia hapo utaona ni ngazi ya kuwatenga watu, lakini mapatano yaliendelea. Yalitaka vyuo vikuu viwe na wanafunzi wengi zaidi wa mwaka wa tatu na wa nne kuliko wa mwaka wa kwanza na wa pili, asilimia 60 kwa 40. Viti vya mwaka wa tatu viliachwa wazi kwa ajili ya watoto wa koleji. Binti yako akihamia Davis atakalia kiti alichotengewa tangu 1960, na shahada yake itaandikwa University of California kama ya aliyeingia moja kwa moja.

Mgawanyo ule umelegea kidogo. Tangu 2005 Cal State imeruhusiwa kutoa udaktari wa fani kadhaa, ikianza na elimu, na baadhi ya koleji sasa hutoa shahada kamili ya miaka minne katika fani chache za kazi. Lakini nguzo ni zile zile.

Utawala kwa kifupi. UC ina kampasi 10. Changa ni Merced, iliyofunguliwa 2005, na ile ya San Francisco ni ya afya tu, haichukui wanafunzi wa shahada ya kwanza. Regents wenye kura ni 26: gavana huteua 18 kwa miaka 12, saba wanaingia kwa vyeo vyao, mmoja ni mwanafunzi. Cal State ina bodi ya wadhamini 25, makao yao Long Beach, na kampasi 22 tangu Cal Maritime ilipounganishwa na Cal Poly ya San Luis Obispo mwaka 2025. Koleji ni 116, chini ya wilaya 73, na bodi za wilaya huchaguliwa na wapiga kura. Nyinyi mliopata uraia, mkiona majina hayo kwenye karatasi ya kura msiyaruke. Na mkiandika barua ya malalamiko mjue kwamba UC nzima ina rais na kila kampasi ina chansela, Cal State ni kinyume chake. Hawa ni watendaji kamili. Msiwafananishe na mkuu wa chuo wa kwetu anayekuja kutunuku shahada.

Tuje kwenye fedha. Zamani mkazi wa California hakulipa ada ya masomo. Ronald Reagan alipokuwa gavana mambo yakaanza kubadilika. Kerr alifukuzwa na Regents Januari 1967, na kufikia 1970 UC ilikuwa inatoza ada ya elimu. Koleji zilishikilia mpaka 1984. Leo mkazi analipa UC zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka, Cal State dola 6,000 na kitu kabla ya michango ya kampasi, na koleji dola 46 kwa uniti, yaani kipimo cha uzito wa somo. Uniti 60 za kuhamia ni dola 2,760 kwa miaka yote miwili. Familia ya kipato kidogo husamehewa hata hizo, mwanafunzi akiomba msamaha uitwao California College Promise Grant. Na binti analala kwenu, anakula kwenu. Pigeni hesabu wenyewe mbele ya baba yake.

Ila nisiwafiche, wengi huanza koleji na hawafiki chuo kikuu. Hupotea kwa kuchukua masomo yasiyohesabika, au saa za kazi zinawameza. Kwa hiyo wiki ya kwanza amwone mshauri wa masomo, aingie tovuti ya ASSIST, inayoonyesha masomo ya koleji yanayohesabika chuo kikuu, achague koleji yake upande mmoja na Davis upande wa pili, kisha achapishe orodha ya masomo ya fani yake na kuibandika ukutani. Kampasi sita za UC hutoa ahadi ya nafasi kwa maandishi, TAG: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Fomu ya TAG hujazwa Septemba pekee, mwaka mmoja kabla ya kuhamia, na ikimpita imempita. Kwa upande wa Cal State kuna shahada ya miaka miwili ya kuhamia, ADT, inayomhakikishia nafasi ndani ya mfumo, ingawa si lazima iwe kampasi anayoipenda.

Mpwa wa Dar: akija kwa viza ya mwanafunzi, F-1, hawezi kuwa mkazi kwa ajili ya ada, hata akilala chumba cha mbele kwenu miaka mitano. UC itamwongezea zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Ada ya wakazi inataka hadhi ya uhamiaji inayoruhusu, kama grini kadi au hifadhi, na zaidi ya mwaka mmoja wa kuishi hapa kwa nia ya kubaki. Nia hiyo huonyeshwa kwa karatasi: leseni ya udereva ya California, fomu 540 ya kodi ya jimbo, mkataba wa nyumba, na W-2, yaani fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri. Wekeni kila kitu kwenye bahasha moja tangu siku ya kwanza, na mwangalie tarehe zake. Mwenye umri chini ya miaka 24 UC huwaangalia wazazi wake pia, wanaishi wapi na nani anamlisha.


Kutoka: Nesi wa Riverside

Mjomba, shikamoo. Naongeza la wauguzi, maana tuko wengi humu.

Mimi niliingia kwenye huduma za wazee kama CNA (msaidizi wa nesi), nikasoma masomo ya awali koleji jioni, nikapata ADN (shahada ya uuguzi ya koleji) hapo hapo, nikafanya mtihani wa RN (nesi aliyesajiliwa), kisha BSN (shahada ya kwanza ya uuguzi) nikamalizia Cal State huku nalipwa mshahara wa nesi. Msidhani "koleji inampokea kila mtu" maana yake ni uuguzi pia. Nafasi za uuguzi zinagombewa kuliko vyuo vikuu vingi. Kuna koleji zinazopanga kwa alama na nyingine zinachagua kwa bahati nasibu. Anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia mtoto azisome kama anasomea mtihani wa taifa, kwa sababu alama zake zitaamua. Na jihadharini na shule binafsi zinazotangaza uuguzi bila kusubiri. Kabla ya kulipa chochote, itafuteni kwenye orodha ya shule zilizoidhinishwa na bodi ya wauguzi ya jimbo.


Kutoka: Ndugu wa San Diego

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, tulipita Uganda kambini, tukaletwa San Diego kama wakimbizi. Je, sisi tuliofika juzi tunangoja huo mwaka mmoja ndipo vijana waanze kusoma?


Kutoka: Mjomba wa Oakland

Ndugu wa Bukavu, karibu sana. Hapana, msingoje. Tangu sheria ya 2017, mkimbizi aliyepokelewa California alipoingia Marekani haongezewi ada ya wageni kwenye koleji za jamii katika kipindi kile anachosubiri kuwa mkazi. Nenda na hati yako ya ukimbizi, I-94, kwenye ofisi ya usajili, na ukiambiwa hapana omba kuonana na msimamizi. Na kijana aliyesoma miaka mitatu sekondari za California na kuhitimu hapa anaweza kulipa ada ya wakazi kwa sheria ya AB 540, hata kama hana makaratasi. Wenye viza ya F-1 hawamo.

Dada wa Sacramento, mawili ya mwisho kabla hamjaamua. UC na Cal State kwa kawaida hupokea wanaohamia mwaka wa tatu tu, yaani aliyekwisha kufikisha uniti 60. Asije akachoka na uniti 40 akafikiri atapokelewa. Na kule Cal State, siku ya mwisho ya kuthibitisha kwa wengi ni tarehe 1 Mei. Barua yake ndiyo itakayosema hasa. Mkiona mnahitaji kuona kwanza, koleji nyingi hufungua milango kwa wazazi majira haya. Mpeleke shemeji, mwombe akae na mshauri wa wanaohamia, amwulize mwaka jana waliohamia Davis walikuwa wangapi na walisomea nini. Huyo anazo takwimu za chuo chake mezani.