Kujua ulipo kwa jua na nyota ukiwa Mbeya: tuanzie wapi?

Mwalimu_Uyole
Wakuu, habari za kazi. Nataka kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu namna mabaharia wanavyojua walipo bila simu. Tuna saa, futi kamba, vipimapembe na kikokotoo. Sekstanti (kifaa cha mabaharia cha kupimia pembe ya jua na nyota) hatuna, bahari hatuna, na milima imetuzunguka. Wiki hii tumesimamisha fimbo saa 6 kamili mchana tukitegemea kivuli kielekee kusini, lakini kimelala kusini-magharibi. Tumekosea wapi? Na je, kwa vifaa hivi tunaweza kupata latitudo na longitudo zote mbili?

Mpima_Ardhi
Mwalimu, fimbo yenu iko sawa. Tatizo ni saa. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haugusi nchi yetu hata kidogo. Mbeya iko karibu nyuzi 33.5. Dunia hugeuka nyuzi 1 kwa dakika 4, kwa hiyo ile tofauti ya nyuzi 11.5 ni dakika 46. Adhuhuri ya kweli ya Mbeya kwa wastani ni saa 6:46, na ya Iringa kama saa 6:37. Nasema kwa wastani kwa sababu jua lenyewe halifuati saa sawasawa: katikati ya Februari huchelewa dakika 14 hivi, mwanzoni mwa Novemba huwahi dakika 16. Jedwali la masahihisho hayo limo kwenye almanaki yoyote ya mabaharia.

Kule kuchelewa kwa adhuhuri baada ya saa 6 ndiko kutakakowapa longitudo. Chukueni tarehe 21 Juni na fimbo ya sm 100. Saa 4:30 asubuhi wekeni alama kwenye ncha ya kivuli, kisha fungeni uzi kwenye kitako cha fimbo na mchore duara linalopita kwenye alama hiyo. Mchana kivuli kitafupika kiingie ndani ya duara, halafu kirefuke tena. Andikeni saa kinapoligusa duara mara ya pili, tuseme 9:06. Katikati ya 4:30 na 9:06 ni 6:48. Siku hiyo jua huchelewa karibu dakika 2, toeni, inabaki 6:46. Dakika 46 gawanya kwa 4 ni nyuzi 11.5, na 45 toa 11.5 ni 33.5 mashariki. Mkiunganisha zile alama mbili za duara kwa mstari, mstari wa kutoka kitako cha fimbo hadi katikati yake ndio kaskazini-kusini halisi.

Msijaribu kuotea adhuhuri kwa kuangalia tu ni lini kivuli ni kifupi kabisa. Karibu na adhuhuri kinabadilika polepole mno, na kosa la dakika 1 ya saa ni kama km 27 ardhini.

Latitudo ni rahisi zaidi, kwa sababu ule upolepole sasa unawasaidia. Pimeni kivuli kifupi kuliko vyote. Kikiwa sm 63, basi 63/100 ni 0.63, na pembe yenye tanjenti hiyo ni nyuzi 32.2. Hivyo ndivyo jua lilivyo mbali na utosi wenu, yaani wima juu ya kichwa. Tarehe 21 Juni jua liko utosini kwa watu wa nyuzi 23.4 kaskazini. Toeni 23.4 kwenye 32.2, mnapata 8.8 kusini. Ramani inasema 8.9. Mmekosea km 11 kwa fimbo na futi kamba!

Desemba 21 hesabu inageuka: kivuli cha kama sm 26 kinaelekea kaskazini, jua liko 23.4 kusini, kwa hiyo mnatoa pembe ya kivuli kwenye 23.4. Wanafunzi wengi hukwama hapa, wanajumlisha pasipotakiwa. Wachoree dunia, utosi na jua kwanza, kanuni baadaye. Msipange zoezi karibu na Februari 26 au Oktoba 16, maana adhuhuri jua linakuwa juu ya Mbeya kabisa na hakuna kivuli cha kupima.

Timazi
Naongezea kuhusu fimbo, maana hapo ndipo vipimo vinapoharibika. Fimbo ikiinama nyuzi 1 tu kuelekea kaskazini au kusini, latitudo inahama km 80 hadi 110. Ishikilieni timazi pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, na sakafu iwe mbao iliyolazwa kwa pimamaji. Uwanja wa shule unaoonekana tambarare mara nyingi una mteremko.

La pili ni ncha ya kivuli. Jua lina upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo ukingo wa kivuli hauishi ghafla. Kwa fimbo ya mita 1 mwezi Juni kuna ukungu wa zaidi ya sm 1. Ukipima mwisho wa giza zito, unakosa robo nyuzi, karibu km 30. Bandikeni juu ya fimbo kipande cha boksi chenye tundu la mm 5, mpime hadi katikati ya doa la mwanga. Hapo urefu wa fimbo ni kutoka ardhini hadi kwenye tundu, na futi kamba inaanzia chini ya tundu kwa timazi, siyo kwenye kitako. Na tafadhali sana, mtoto yeyote asilenge jua kwa jicho, hata kupitia mrija. Macho hayarudi.

Mwalimu_Uyole
Asanteni sana, boksi tutalitengeneza kesho. Usiku je? Wameniuliza kuhusu Polaris, ile nyota ya kaskazini.

Nyota_Iringa
Polaris haionekani Mbeya wala Iringa, iko chini ya upeo wa macho. Tumieni Msalaba wa Kusini. Kutoka Gacrux ya juu hadi Acrux ya chini ni nyuzi 6. Endeleeni na mstari huo mara 4.5 kupita Acrux, mtafika kwenye ncha ya kusini ya anga. Hakuna nyota kali pale, na iko nyuzi 9 tu juu, karibu ngumi moja ukinyoosha mkono, kwa hiyo mlima unaweza kuificha. Shukeni wima kutoka hapo: ndiyo kusini. Katikati ya Mei, kati ya saa 3 na 4 usiku, Msalaba unasimama wima wenyewe. Msidanganywe na msalaba mwingine mkubwa na hafifu ulio magharibi yake. Wa kweli una nyota mbili kali upande wa kushoto.

Ukiwa wima, pimeni Acrux kwa kipimapembe chenye mrija, uzi na nati. Mkipata nyuzi 36 hivi kutoka usawa, iko 54 kutoka utosini. Acrux iko 63.2 kusini, toeni 54: ni 9.2. Upepo huchezesha nati, kwa hiyo chukueni vipimo 10 na mtafute wastani.

Mpima_Ardhi
Mkiazima sekstanti, msilenge kilele cha mlima kama upeo. Wekeni sinia la oili chafu mahali pasipo upepo, mlinganishe jua na taswira yake ndani ya oili, vioo vyeusi vikiwa mahali pake pande zote mbili. Pembe inayosomeka ni mara mbili, igaweni kwa 2. Sekstanti nyingi huishia karibu nyuzi 120, kwa hiyo adhuhuri ya Mbeya inapimika hivyo kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai tu. Kwa upeo wa maji nendeni Matema kati ya Novemba na Januari, jua la adhuhuri linapokuwa kusini juu ya Ziwa Nyasa. Jicho likiwa mita 2 juu ya maji, toeni dakika 2.5 za nyuzi (dakika 60 ni nyuzi 1) kwenye pembe mliyopima.