Kutoa hela ya 401(k) mapema baada ya kimbunga, Houston

MamaPacha_TX: Wakuu habari zenu, niko hapa Houston, hiki kimbunga Beryl kimeng'oa upande mzima wa paa maji yakaingia mpaka chumba cha watoto, bima wanalipa nusu tu sasa nimebakiwa na akiba ya kustaafu ya kazini, 401(k). Nina miaka 41, nasikia ukitoa kabla ya 59 na nusu unapigwa faini 10% juu ya kodi, ni kweli jamani?

FundiKodi: Pole sana dada. Kwa kawaida ni kweli, ila sheria ya SECURE 2.0 ya 2022 inasema kama unaishi eneo ambalo rais ametangaza maafa makubwa na umepata hasara unaweza kutoa mpaka dola 22,000 bila hiyo faini. Kodi ya mapato iko palepale lakini unaigawa miaka 3, na ukirudisha hela ndani ya miaka 3 unadai urudishiwe kodi uliyolipia hela hiyo. Una siku 180 tu za kuitoa hiyo hela, usilale. Wakati wa kufaili kodi jaza fomu 8915-F.

kaka_wa_katy: Ongezea hapo, siyo kila mpango wa kazini unaruhusu, piga HR (ofisi ya wafanyakazi) kwanza. Uliza na mkopo wa kutoka hiyo 401(k) pia.

BintiGoma: Mimi naona aanze na FEMA, shirika la serikali la maafa, ile ruzuku yao hairudishwi. Hela ya uzeeni iwe ya mwisho kabisa dada yangu, ukiitoa leo unatoa na faida yake ya miaka yote iliyobaki.

MamaPacha_TX: Asanteni sana, FEMA naomba leo, HR kesho asubuhi.