Tupeane uzoefu: Kutunza midoli ya mashujaa isiyo na boksi

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa midoli iliyokwisha kutoka kwenye pakiti: Star Wars za kampuni ya Kenner za 1978 hadi 1985, G.I. Joe za Hasbro za kuanzia 1982, He-Man wa Mattel, pamoja na hizi za siku hizi. Yenye boksi ina kinga yake. Hii ya mkononi huharibika kimyakimya, na mara nyingi kinachoiharibu ni kile tulichoihifadhia. Anayejua ataje vifaa, vipimo na sababu.

Mdau, Dar es Salaam

Anzeni na kontena. Ligeuze, tazama namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 5 ni polipropilini, 2 na 4 ni polietilini. Hizo ni salama. Namba 3 ni PVC na 6 ni polistairini. Hizo mbili ziacheni kabisa.

Vichwa, mikono na makoti ya midoli mingi ni PVC laini, na ulaini huo unatokana na kilainishi cha mafutamafuta kilichochanganywa kiwandani. Kilainishi hakikai mahali pamoja, kinachuruzika taratibu miaka na miaka. Kikikutana na polistairini kinaiyeyusha: mkono unazama, unagandana nayo, na ukiubandua unatoka na vipande vyeupe visivyofutika. Kwa hiyo ile foamu nyeupe inayokuja na televisheni si kitanda cha mdoli, hata ukiichonga ikalingana naye vizuri namna gani.

Sponji ya godoro nayo hapana. Ni poliyurethani, ikizeeka inageuka unga unaonata. Gazeti linaacha wino. Raba bendi ya kufungia bunduki mkononi inaacha mstari wa kahawia usiotoka kwa sabuni yoyote. Tumieni mifuko ya zipu ya polietilini, sm 10 kwa 15 kwa mdoli wa inchi 3¾, mfuko mmoja mdoli mmoja, na tishu nyeupe isiyo na manukato kati ya miguu.

Mdau, Mombasa

Nyongeza kwa sisi wa pwani: unyevu. Skrubu ya mgongoni na pini za viwiko vya G.I. Joe ni chuma, hewa ya chumvi inazila, na kutu inapaka plastiki iliyo jirani. Lengeni unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndani ya kontena. Wekeni kipima unyevu kidogo cha dijitali, kwa macho hutajua.

Kontena la lita 10 lianze na gramu 50 za silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, ya rangi ya chungwa. Zikigeuka kijani zimeshiba. Zitandaze kwenye sinia, oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, zinarudi kazini. Vile vipakiti vya kwenye viatu vipya vingi vimeshashiba kabla hujavifikia. Mchele usitumie, unaleta fukusi na vumbi la wanga. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu, ndiyo mbaya kuliko zote, maana mvuke wake unalainisha plastiki. Mende wafukuzwe kwa mitego nje ya kabati, si kwa vidonge ndani.

Mdau, Nairobi

Mombasa yuko sahihi kuhusu chuma, ila kontena lililofungwa mwaka mzima ni tatizo lingine. PVC isipopata hewa, mvuke wa kilainishi unakosa pa kwenda, unatua juu ya mdoli, na mdoli unaanza kunata. Sawazisheni mambo hayo mawili: mfuko wa zipu uachwe wazi upande mmoja kama sentimita moja, kontena kubwa lifungwe na silika yake, na kila mwezi lifunguliwe nusu siku kivulini.

Ulioanza kunata unaoshwa. Maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, kisha suuza, ukaushe kwa taulo na kuuacha saa 24 penye upepo. Usizamishe wenye stika za karatasi, betri au skrubu ambayo hujaifungua. Asetoni na thina haviguswi, vinang'oa rangi usoni mara moja. Wala msipake poda kuficha unataji. Inaganda kwenye mikunjo ya nguo. Mafuta yakirudi baada ya wiki kadhaa si kwamba ulikosea, ni kilainishi bado kinatoka. Osha tena.

Mdau, Arusha

Kuhusu G.I. Joe za 1982 hadi 1994, tafadhali msizihifadhi kabla ya kukagua mpira wa ndani. Kiuno na miguu vimeshikwa na pete moja nyembamba ya mpira. Ikikauka inakatika na mdoli unagawanyika; ikiwa imekaza kupita kiasi, inavunja kiuno pale kwenye kijidaraja chembamba katikati ya mapaja. Kijidaraja hicho hakigundiki kwa nguvu inayotosha.

Tumia bisibisi ndogo ya nyota inayojaa vizuri kwenye skrubu, la sivyo utaila kichwa. Legeza, tenganisha kifua na mgongo. Utaona pete imepanda kutoka kwenye ndoano ya chuma ya miguu, imepita tundu la kiuno, imeshika kijiti cha kifuani. Visha pete mpya kwa njia hiyo hiyo, rudisha mikono na kichwa, funga. Ukisikia skrubu imegusa, simama. Ukiendelea, mgongo unapasuka kuzunguka tundu.

Bunduki zisikae mkononi, kidole gumba ndicho kinachovunjika kwanza. Ukitaka kuishikisha kwa maonyesho, chovya kiganja cha mdoli kwenye maji ya moto nusu dakika kwanza.

Mdau, Muscat

Huku adui ni joto. Stoo ya juu ya paa na buti la gari si mahali pa midoli; PVC inalainika, miguu inapinda na mdoli unalala mbele. Unarekebishika: maji ya nyuzi kama 65, sekunde 40, nyoosha, tumbukiza kwenye maji ya barafu ukiwa bado umeunyoosha. Midoli ihifadhiwe ikiwa imelala, magoti yamenyooka, isirundikwe zaidi ya tabaka mbili.

Mdau, Zanzibar

Kabati la vioo la fundi wa aluminiamu linafaa, ila liwe ukuta usiotazamana na dirisha. Kioo cha kawaida kinapitisha sehemu kubwa ya miale inayogeuza nyeupe kuwa njano. Nguo za Stormtrooper, wale askari weupe wa Star Wars, ndizo zinaonyesha mapema. Taa ziwe za LED, na transfoma yake ikae nje ya kabati. Mwambie fundi abandike brashi ya vumbi kwenye kingo za vioo vya kuteleza.

Silaha na vijoho viingie mfuko mdogo wenye namba sawa na ya mdoli, iliyoandikwa kwenye karatasi iliyo nje, kamwe si kwa kalamu juu ya plastiki. Piga picha kila mdoli na vifaa vyake mbele na nyuma. Na wenye sauti au taa, betri zitoke leo.