Wakuu ushauri: mke ana kovu la opresheni na masika yanakuja, nimtoe kijijini sasa au nisubiri uchungu?

MpungaMwekundu:
Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie kichwa hakijatulia. Mke wangu ana mimba ya wiki 34, ya pili, tupo kijijini huku upande wa Malinyi, Morogoro, tunalima mpunga. Wa kwanza alitolewa kwa opresheni na sasa ana mwaka na miezi minane tu. Siku ile uchungu ulimshika saa tano usiku, zahanati kuna nesi mmoja akasema njia haifunguki mpelekeni mbele, gari hakuna, nikampakia kwenye bodaboda katikati yangu na dereva, dripu nimeinyanyua juu njia nzima mpaka mkono ukafa ganzi. Tukafika penye mkondo tukashuka, maji ya magoti, kila hatua mbili anasimama ananikamata shati. Tumefika kumeshakucha. Mtoto katoka hajalia, mimi niko koridoni nasikia viatu vinakimbia tu nasubiri kilio, mpaka leo huyu mtoto akilia usiku sichukii hata kidogo.

Sasa safari hii kwenye kadi ya kliniki wameandika kwa wino mwekundu asijifungulie zahanati. Mama anasema akishapasuliwa mara moja wa pili anapita mwenyewe, halafu palizi haijaisha. Mkononi nina laki na nusu. Nimpeleke hospitali Ifakara sasa hivi au nitunze hela nikodi gari uchungu ukianza?

Mkunga_Mstaafu:
Mwanangu usisubiri uchungu. Kovu la mwaka na miezi halijakomaa vizuri, uchungu ukikolea linaweza kuachia, na likiachia mama anavuja damu kwa ndani huku mtoto anakosa hewa, hapo hakuna muda wa kutafuta gari. Zahanati hawana la kumfanyia. Anatakiwa awe karibu na sehemu yenye chumba cha upasuaji, mtu wa kutoa usingizi na damu kwenye friji, vyote vitatu viwepo hata saa tisa usiku. Usiangalie uzuri wa jengo, uliza waziwazi mtu wa usingizi yupo? Damu ipo? Na mama yako usibishane naye, mchukue mwende wote kliniki asikie kwa masikio yake.

DerevaWaNoah:
Mkuu mimi ni dereva wa jamii wa m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Unapiga 115, ni bure hata kama huna salio, anayepokea anakuuliza hali ya mgonjwa, anaangalia ambulansi iko wapi, ikiwa mbali anatupigia sisi tuliosajiliwa. Nikishamfikisha hela yangu inaingia M-Pesa, mgonjwa hatoi hata mia. Mambo haya yalianzia Shinyanga na Sengerema, 2022 ndio yakatangazwa kwa nchi nzima. Save hiyo namba kwenye simu zote za hapo nyumbani. Ila nikwambie ukweli, gari haliogelei. Maji yakishakata barabara mimi naishia ng'ambo, nimewasha taa tu nawaona watu wanakuja wamembeba mama kwenye kitanda cha kamba na mimi sina la kufanya. Mtoe kabla ya mvua.

KijanaWaKilosa:
Mnamtisha mwenzenu bure, bibi zetu walizaa kumi nyumbani hakuna opresheni wala nini

Mkunga_Mstaafu:
@KijanaWaKilosa hao bibi muulize walizika wangapi. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai laki moja, ule wa 2022 ukakuta 104. Vimeshuka, na watu kuwahi kumechangia. Mimi nimewafunika shuka kina mama waliofika wamechelewa, kadi ya kliniki bado iko mkononi, usiseme tunamtisha.

mama_pacha:
Pole kaka. Laki na nusu inatosha kuanzia, ulizia kama hospitali ina nyumba ya kusubiria wazazi, wengine wanaita chigonela, mimi nilikaa wiki tatu. Kitanda mnapewa, chakula mnapika wenyewe, kwa hiyo beba mchele wenu, sufuria, mkaa, khanga za kutosha maana za kumfutia mtoto na za kumfunika ni tofauti. Aende na ndugu mmoja wa kike. Na damu jamani, tafuta ndugu wawili watatu wachangie mapema, mimi nilitokwa damu sana baada ya kujifungua na iliyoniokoa ilikuwa ya shemeji yangu. Wanangu walizaliwa na kilo 1.6 na 1.8, nikawabeba kifuani ngozi kwa ngozi usiku na mchana, sasa hivi wanakimbizana na kuku.

MpungaMwekundu:
Nimesoma zote nimemsomea na mama kwa sauti. Kanyamaza muda mrefu halafu kauliza gunia la mchele litapanda kwenye basi gani. Wanaondoka Jumamosi, dada yangu anaenda naye, palizi nitaimaliza mwenyewe. Mdogo wangu na binamu wamekubali kutoa damu. Mkunga, kabla ya Jumamosi nikiona nini nisisubiri?

Mkunga_Mstaafu:
Damu ukeni hata kidogo, chupa kupasuka, kichwa kumuuma sana au kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, degedege, maumivu pale kwenye kovu, mtoto kupunguza kucheza. Kimoja tu kati ya hivyo, piga 115 saa hiyo hiyo.