Kizazi cha Bi Time 🌴 na begi la kilo 23

IJUMAA, MWISHO WA MEI

Nasra: Assalaam alaykum nyote. Nimemaliza. Leo asubuhi ilikuwa praktikali ya kemia, ndo kwaheri.

Mjomba Suleiman: Waalaykum salaam warahmatullah. Mashallah, hongera mwanangu. Maji yalibadilika rangi?

Nasra: Yalibadilika Mjomba. Kama ndo rangi waliyoitaka wao, hapo sina hakika.

Saleh: Na hesabu?

Nasra: Kaka Saleh, nimetoka bwenini sasa hivi na godoro kichwani. Usinitoneshe.

Mama Nasra: Alhamdulillah. Panda boti ya kesho. Chumba chako nishafagia.

Baba Nasra: 👍

Mama Mkubwa Mwanakheri: Huyu baba mtu yuko Muscat miaka kumi na moja, humu kundini hajaandika neno. Kidole tu.

Mudi (simu ya Bibi): BIBI ANAULIZA NASRA AMEMALIZA NINI

Nasra: Kidato cha sita, Mudi. Mwambie nimemaliza skuli, bado chuo.

Mudi (simu ya Bibi): ANASEMA CHUO KESHAHITIMU ANA MIAKA TISA NA BIRIANI ALIPIKA YEYE

Saleh: 😂😂 Ni chuo chengine Bibi, si cha Kurani. Hiki hakina juzuu.

Mudi (simu ya Bibi): ANASEMA KAMA HAKINA JUZUU KINA NINI

Mjomba Suleiman: Mudi, hizo herufi kubwa zinatupigia kelele mwanangu.

Mudi (simu ya Bibi): BIBI HASIKII VIZURI

JULAI, USIKU WA KUCHAMBUA KARAFUU

Nasra: Yametoka.

Nasra: Divisheni wani. Pointi 6.

Mama Mkubwa Mwanakheri: 🎤 sauti, sekunde 14 (vigelegele)

Mama Mkubwa Mwanakheri: 🎤 sauti, sekunde 22 (vigelegele, na kuku)

Saleh: Allahu akbar! Na mie nilikuuliza hesabu ukaninunia.

Mama Nasra: Nilikuwa mkekani, nimeruka nimeyamwaga makonyo yote juu ya karafuu safi. Tunachambua upya na wala sijali.

Baba Nasra: 👍👍

Mama Mkubwa Mwanakheri: Leo viwili!

Mjomba Suleiman: Sasa nasaha zangu, wala msinune. Kwa nini mtoto aende kusoma Uturuki? Wahindi wa chuo cha IIT Madras wenyewe wametufuata, tangu 2023 wako Bweleo. Chuo kikuu chetu SUZA kiko Tunguu, unapanda daladala na jioni unakula kwangu Mwanakwerekwe. Ngojeeni nimalize, naandika kwa kidole kimoja.

Mjomba Suleiman: Nimemaliza.

Nasra: Mjomba, Bweleo walianza na sayansi ya data na akili bandia. Mie nataka uhandisi wa majengo. Na ombi la ufadhili wa Uturuki nilituma Februari, wakanihoji kwa video, nangoja jibu. Likija la hapana, nakuja kula kwako.

Mudi (simu ya Bibi): BIBI ANASEMA MAFUNDI WA WETE WAMEKWISHA

Nasra: Muulize ukuta wake wa uani nani kaujenga.

Mudi (simu ya Bibi): ANASEMA FUNDI

Nasra: Na ule ufa una miaka mingapi?

Mudi (simu ya Bibi): AMENYAMAZA

Mama Mkubwa Mwanakheri: Hebu tuache mzaha. Nafasi hizi haziji hivihivi. Kuna bwana mmoja hapa Chake anawasafirisha watoto. Laki sita, ufadhili uhakika. Jirani yangu kampeleka mwanawe kwake.

Nasra: Mama Mkubwa, ombi ni bure. Si senti moja. Unajaza mwenyewe kwenye tovuti yao, wanafungua Januari na wanafunga Februari. Anayekuuzia Julai anakuuzia mlango ulioshakomewa.

Saleh: Kabisa. Mie ya Algeria niliombea wizarani, sikumpa mtu hata nauli. Huyo mwana wa jirani yuko wapi sasa?

Mama Mkubwa Mwanakheri: Yupo kwao. Anangoja.

Saleh: Tangu lini?

Mama Mkubwa Mwanakheri: Mwaka juzi.

🚫 Mama Nasra amefuta ujumbe huu

Nasra: Mama?

Mama Nasra: Kidole kimeteleza.

Nasra: Mama, uko upande wa pili wa mkeka. Nakuona.

🚫 Mama Nasra amefuta ujumbe huu

Mama Nasra: Nilimpa laki mbili.

Mama Nasra: Za kikoba. Mwezi wa nne. Alisema ni za kufungulia faili.

Baba Nasra: Nani huyo bwana?

Mama Mkubwa Mwanakheri: Subhanallah, kaandika!

Baba Nasra: Mwanakheri, tafadhali. Zuwena, jina lake nani, na simu yake ipi?

Mama Nasra: Simu haipatikani tangu Mei.

Saleh: Nimepita hapo ofisini kwake wiki iliyopita. Sasa wanauza vifuniko vya simu.

Nasra: Kwa nini hukuniuliza?

Mama Nasra: Ulikuwa na mitihani.

Mama Nasra: Na ile barua ya Waturuki ulinionyesha wakati wa likizo, yote Kiingereza, nikaitazama nikakurudishia simu. Ulidhani nimesoma. Yule bwana alinieleza kwa Kiswahili. Akanipa kiti, akanipa soda. Nikasema huyu ndo anayejua.

Mjomba Suleiman: Twende polisi.

Baba Nasra: Polisi utakwenda. Mie nauliza, nani alimpeleka Zuwena kwake?

Mama Mkubwa Mwanakheri: Mie.

Mama Mkubwa Mwanakheri: Nilidhani nikilitaja hapa mbele za watu, Saleh atasema ni mtu wa kweli, roho yangu itulie. Laki moja naileta kikobani Jumatatu mie mwenyewe. Zuwena nisamehe.

Mama Nasra: Tulikunywa soda pamoja. Nikusamehe nini?

Mjomba Suleiman: Nusu ya iliyobaki juu yangu.

Baba Nasra: Nusu nyengine kwangu. Na barua yoyote ikija, Nasra, umsomee mamako kwa Kiswahili neno kwa neno, hata ikiwa ya hapana.

Nasra: Inshaallah Baba.

Mudi (simu ya Bibi): BIBI ANAULIZA KUMETOKEA NINI MBONA NIMEACHA KUSOMA

AGOSTI

Nasra: Limekuja. Nishamsomea Mama, amenisomesha mara tatu. Sasa zamu yenu.

Nasra: Nimepangiwa Kayseri, uhandisi wa majengo. Mwaka wa kwanza ni lugha tu, Kituruki asubuhi mpaka jioni, nikifaulu ndo naanza digrii, miaka minne. Bweni wanatoa wao, posho ya kila mwezi, bima ya afya, tiketi ya kwenda na ya kurudi nikimaliza.

Baba Nasra: 👍👍👍👍👍

Mama Mkubwa Mwanakheri: 🎤 sauti, sekunde 31

Mjomba Suleiman: Allah akufungulie. Nasaha za Tunguu nazifuta.

Saleh: Nisikilizeni mie niliyepigwa na baridi. Nilifika Sétif, kule Algeria, Desemba na makubadhi. Theluji iko chini, mie vidole viko nje. Siku tatu nilitembea na soksi mbili ndani ya makubadhi, darasa zima la Kifaransa linanitazama miguu. Kayseri ina mlima wa theluji juu ya mji, nimeuona pichani. NASRA ASITOKE PEMBA BILA BUTI.

Mudi (simu ya Bibi): KAKA SALEH UMEANDIKA KUBWA

Mjomba Suleiman: Buti naleta mie. Nimeziona Darajani kwenye mitumba, zina manyoya ndani, elfu thelathini na tano.

Mama Nasra: Pasipoti tayari. Laki na nusu, karafuu za mkeka mmoja zimekwenda zote. Visa ubalozini Dar, boti mbili kwenda, boti mbili kurudi, kwa karatasi moja ya kubandika.

Nasra: Kituruki nishaanza lakini. Kitabu ni kitap, kalamu ni kalem, sabuni ni sabun, daftari ni defter, dunia ni dünya. Dakika ni dakika, vilevile, hawakubadilisha hata herufi.

Saleh: Kiarabu hicho, kimepita kwao kimepita kwetu.

Nasra: Baba ni baba.

Baba Nasra: 👍

Mama Nasra: Na mama?

Nasra: Mama mzazi ni anne.

Mama Nasra: Sikuuliza hilo. Wakisema "mama" wana maana gani?

Nasra: Chakula cha mtoto mchanga.

Nasra: Na cha paka.

Mama Nasra: Hewala. Laki mbili zangu, miezi tisa tumboni, chakula cha paka.

Mjomba Suleiman: 😂😂😂 Na kaka?

Nasra: Kaka siandiki humu, wazee wamo. Ila Kaka Saleh akija kunitembelea nitamwita kwa jina.

Mudi (simu ya Bibi): BIBI ANAULIZA HUKO SALA SAA NGAPI

Nasra: Saa yao na yetu moja, Bibi. Tangu 2016 hawabadilishi saa za kipupwe na kiangazi. Ila jua halifuati saa. Desemba linatoka karibu saa mbili asubuhi, na Magharibi inaingia saa kumi na moja na kitu. Juni nayo, Magharibi mpaka saa mbili usiku.

Mudi (simu ya Bibi): ANASEMA BASI RAMADHANI YA BARIDI UTAFUNGA KAMA MCHEZO

Mudi (simu ya Bibi): ANASEMA TENA HALUA ATAPIKISHA MWENYEWE ASIJE MTU AKANUNUA YA DUKANI

SEPTEMBA, USIKU WA BEGI

Nasra: Tiketi inasema kilo 23 begi moja. Tumepima kwa mizani ya karafuu. 29.

Saleh: Mna nini humo, jiwe la kusagia?

Nasra: Bizari, achari ya embe, pilipili ya kusaga, ubuyu, dagaa wakavu, kanga nne, mchele kilo mbili.

Saleh: Mchele? Waturuki wanakula wali kila siku!

Mama Nasra: Wa kwao. Hatujui wanaupikaje.

Mjomba Suleiman: Toeni mchele. Toeni dagaa, wataturudishia mtoto kwa harufu.

Nasra: Mchele nje, dagaa nje. 26.

Mama Mkubwa Mwanakheri: Halua kiasi gani?

Mama Nasra: Kidogo.

Nasra: Vikapu sita.

Mama Nasra: Vya ukili. Ukili hauna uzito.

Nasra: Nimetoa vitabu vya fizikia, nimetoa taulo kubwa. 25 na robo. Nimechoka, naenda kulala, nitaamka Alfajiri nipunguze.

Mama Nasra: Lala mwanangu. Nitamalizia mie.

Saleh: Mama Mdogo, buti zimo?

Mama Nasra: Zimo.

Mjomba Suleiman: Kesho mkishuka Malindi mie nipo getini na gari. Uwanjani tufike mapema.

ASUBUHI YAKE

Nasra: 23 kamili! Sindano imesimama kama imeapishwa. Mama, umefanya muujiza gani?

Mama Nasra: Nimepanga vizuri tu.

SIKU MBILI BAADAYE

Nasra: Nimefika Kayseri salama. Samahani kwa kimya, laini yangu imegoma, natumia intaneti ya bweni. Istanbul kile kiwanja ni mji, nimetembea mpaka nikatia shaka kama bado nimo safarini au nishahamia. Chumbani tuko wanne. Msomali mmoja, Msudani mmoja, na Mkazaki. Kwa dirisha naona mlima.

Mama Nasra: Alhamdulillahi rabbil alamin. Umekula?

Nasra: Nimekula. Supu ya dengu. Nikasema "baba yuko Muscat" wakafahamu baba, hawakufahamu yaliyobaki.

Baba Nasra: Sauti yako nimeipata. Nimeisikiliza kazini. Mungu akulinde mwanangu.

Mama Mkubwa Mwanakheri: Maneno manane! Nimeyahesabu!

Nasra: Mama.

Mama Nasra: Naam.

Nasra: Nimefungua begi. Vikapu vya halua ni vinane.

Mama Nasra: Bibi yako aliongeza viwili.

Nasra: Na buti ziko wapi?

🚫 Mama Nasra amefuta ujumbe huu

Mjomba Suleiman: Ati?

Saleh: Mama Mdogo!

Mama Nasra: Zilikuwa na kilo mbili na nusu, mnajua? Viatu kwani hawavai huko? Wanavaa, basi wanauza. Halua ya Wete wanauza?

Mjomba Suleiman: Elfu thelathini na tano, Zuwena. Nilipatana na yule kijana nusu saa nzima.

Saleh: Theluji ikianguka asije akasema sikusema.

Nasra: Sasa hivi ni jua tu, nimevaa kandambili. Na posho ikitoka nitanunua. Ila kikapu cha kwanza kimekwisha, Msomali anasema na kwao ipo lakini hii ina iliki zaidi. Mkazaki anauliza imetengenezwa na nini, nimeshindwa kumweleza wanga kwa Kituruki.

Mama Nasra: Umeona?

Baba Nasra: 👍

Mjomba Suleiman: Basi nirudishiwe hizo buti, nikaziuze palepale Darajani.

Mudi (simu ya Bibi): BUTI NINAZO MIMI ZINANIFIKA MAGOTINI

Mudi (simu ya Bibi): NIMEZIENDEA CHUONI MAALIM KASEMA NIZIVUE MLANGONI