Tupeane uzoefu: waliofika Kochi na sehemu zinazouzunguka mji huo, kusini mwa India

Mwenye mada (Mombasa)

Wengi wetu tukitaja safari ya India huwa tunafikiria Mumbai, na mara nyingi sababu yenyewe ni matibabu. Mimi nilimsindikiza mama Kochi, mji wa bandari wa jimbo la Kerala, mwezi wa Januari, na daktari alipotupa siku tisa za kusubiri kabla ya kumwona tena, tuliamua kutembea polepole badala ya kushinda chumbani. Naomba waliofika huko waeleze waliyoyaona kwa macho yao, na yaliyowakera pia, kwa sababu sifa za mawakala wa utalii tunazo za kutosha.

Nianze mimi. Kwa kuwa tulitoka Kenya, jambo la kwanza tuliloulizwa uwanjani lilikuwa cheti cha homa ya manjano, nacho huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10 tangu kuchanjwa, kwa hiyo anayechanjwa juzi akasafiri leo anajitafutia matatizo. Uwanja wenyewe uko Nedumbassery, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mjini, na tangu mwaka 2015 unajiendesha kwa umeme wa jua.

Kochi umegawanywa na maji. Ernakulam, penye maduka makubwa, hospitali na ofisi, uko upande wa bara. Fort Kochi na Mattancherry, mitaa ya kale, iko upande wa bahari. Na katikati kipo kisiwa cha Willingdon, ambacho kilitengenezwa kwa mchanga uliochimbwa chini ya maji wakati mhandisi Mwingereza Robert Bristow alipokuwa akiifanya bandari iingize meli kubwa, katika miaka ya 1920 na 1930. Watu huvuka kwa feri kila siku kama tunavyovuka sisi Likoni, ila kule ukiwa ndani ya feri unapishana na meli za makontena na za kivita kwa karibu sana.

Kilichotushika zaidi ni zile nyavu za Kichina zilizopangwa ufukweni Fort Kochi. Ni boriti ndefu zilizofungwa pamoja mfano wa mkono wa winchi, wavu umening'inia mbele, na nyuma zimefungwa kamba zenye mawe makubwa ya kusawazisha uzito. Wavu huzamishwa dakika chache, kisha wanaume wanne au watano huvuta kamba kwa pamoja, mawe yanateremka na wavu unapanda. Tulikaa hapo asubuhi nzima, na mara nyingi nilichokiona ndani yake kilikuwa dagaa wachache, kaa mmoja na magugu maji. Wakikuita uwasaidie kuvuta, ujue kwamba baada ya picha utaombwa pesa. Mimi sikuona ubaya, kwa kuwa samaki peke yao hawawatoshi kuishi.

Mchangiaji (Malindi)

Nashukuru kwa mada, ndugu. Mimi nilikwenda Kochi kwa sababu moja ambayo wenzangu waliicheka. Nimekulia karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama, ambayo kila mtoto wa Malindi amepelekwa kuiona na shule yake, na nilitaka kuona safari ile iliishia wapi. Mwaka 1498 alipewa rubani hapa kwetu, akavuka bahari, na mwezi wa Mei akafika pwani ya Calicut, ambayo siku hizi huitwa Kozhikode. Alirudi India kwa mara ya tatu mwaka 1524 akiwa gavana wa mfalme wa Ureno, akafa Kochi tarehe 24 Desemba mwaka huohuo baada ya miezi michache tu. Alizikwa katika kanisa la Mtakatifu Francis, na mwaka 1539 mabaki yake yakahamishiwa Ureno.

Kwa hiyo kaburi lenyewe ni tupu. Ni bamba la jiwe sakafuni, upande wa kulia ukiingia, limezungushiwa uzio mdogo, na wageni wengi hulipiga picha wakaondoka. Mimi nilivutiwa zaidi na vitambaa virefu vilivyotundikwa juu ya viti vya waumini, ambavyo zamani vilivutwa kwa kamba na mtu aliyekaa nje ili kuwapepea waliokuwa ndani. Wahindi huita kifaa hicho "panka", na nikashuku kwamba neno letu "pangaboi" lina asili yake kwa yule kijana aliyeshika kamba juani.

Nyongeza fupi kwa wanaopanga siku zao: jumba la Mattancherry, lenye michoro ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, ukutani, hufungwa Ijumaa, na sinagogi la Paradesi, la mwaka 1568, halipokei wageni Jumamosi. Nilifika Ijumaa kwenye jumba nikakuta kufuli, kwa hiyo nasema kwa uchungu.

Mchangiaji (Mtanga, anayeishi Muscat)

Kazini kwangu Muscat nusu ya wenzangu ni watu wa Kerala, na mmoja wao, dada ninayemheshimu sana, alinikaribisha kwao karibu na Alappuzha, kilomita zipatazo 50 kusini mwa Kochi. Nitaeleza nyumbani kwake kwanza, kwa sababu ndiko nilikofurahi.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta mama yake jikoni amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Nasema mbuzi kwa kuwa sina neno jingine: kigoda kifupi cha mbao, chuma chenye meno kimetokeza mbele, sahani chini, na kifuu kikizungushwa kwa viganja vyote viwili vilevile kama bibi yangu alivyofanya. Wao hukiita "chirava". Nilimwomba nijaribu, akaniangalia kwa shaka, na nilipomaliza vifuu vitatu akacheka na kumwita jirani aje kuona. Nazi ile ilichanganywa na unga wa mchele, ikapangwa kwa tabaka ndani ya bomba, ikapikwa kwa mvuke. Hiyo ndiyo "puttu", na huliwa kwa dengu au ndizi mbivu. Mikate yao ya "appam" nayo, ya mchele na tui, ina kingo nyembamba na katikati laini, na mtu aliyezoea vibibi hahitaji kufundishwa namna ya kuila.

Alappuzha ni mji wa usumba. Makumbi huloweshwa majini muda mrefu, hupondwa, na nyuzi zake husokotwa kamba au kufumwa mikeka inayouzwa nchi za nje. Harufu ya makumbi yaliyolowekwa ilinirudisha Pangani moja kwa moja, na sidanganyi nikisema si harufu nzuri.

Sasa malalamiko. Nilikodi mashua ya kulala, zile walizoziita "kettuvallam", ambazo zamani zilibeba mpunga na mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za usumba bila misumari. Wakala, ambaye simtaji, alinieleza kwa namna iliyonifanya niamini kwamba tutasafiri usiku kucha katika ziwa Vembanad. Ilipofika saa kumi na moja na nusu jioni nahodha akafunga kamba kwenye mnazi na kuzima injini. Nilipouliza, akanieleza kwa upole kwamba jioni ziwa ni la wavuvi, na mashua zikiendelea kupita zitakata nyavu zao. Sababu hiyo ni ya haki kabisa na nisingebisha kama ningeambiwa mapema. Kiyoyozi nacho kiliwashwa saa tatu usiku na kuzimwa alfajiri, jambo lililokuwa limeandikwa kwenye risiti kwa herufi ndogo ambazo sikuzisoma. Anayetaka kuona maisha ya maji kwa bei nafuu apande boti za abiria za serikali, ambazo wanafunzi na wauza mboga huzitumia kila siku, na alale nchi kavu.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mimi nilikwenda mwezi wa Juni kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi, na nikaelewa kwa nini ilikuwa rahisi. Upepo uleule wa kusi tunaoujua sisi, ukishavuka bahari huingia Kerala ukiwa umejaa maji, na kwa kawaida mvua huanza karibu na tarehe 1 Juni. Bajaji zilikuwa zikipita barabarani kama ngalawa. Juu ya hayo, kuanzia usiku wa tarehe 9 Juni hadi 31 Julai, siku 52, meli za kuvua kwa kokoro haziruhusiwi kutoka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Kwa hiyo yule samaki niliyemfuata nilimpata kwa bei ya juu. Nendeni Desemba hadi Februari.

Mchangiaji (Unguja)

Nashangaa hakuna aliyegusia jambo linalotuhusu moja kwa moja. Pale Mattancherry, mahali paitwapo Mangattumukku, kipo kimahali kidogo cha ibada, zaidi kidogo ya ukuta wenye mishumaa, cha mzimu uitwao Kappiri Muthappan. "Kappiri" ni jina walilopewa Waafrika, na "Muthappan" ni mzee au babu. Inasimuliwa kwamba Waholanzi walipouteka mji mwaka 1663, Wareno waliokuwa wakikimbia waliwaua watumwa wao Waafrika na kuwazika pamoja na mali, ili roho zao ziilinde mpaka mabwana warudi. Mabwana hawakurudi. Wenyeji, wa dini mbalimbali, wanamwekea mishumaa, sigara na tembo la mnazi, nao humwomba awarudishie vitu vilivyopotea.

Dereva wa bajaji alinipeleka pale bila kunieleza, kisha akanitazama mimi, akautazama ukuta, akainua viganja pamoja kunisalimu kwa heshima ambayo hakunipa wakati tukipatana nauli. Sikujua niseme nini. Niliwasha mshumaa, nikawasomea Fatiha wale waliouawa, kwa kuwa majina yao hayajulikani wala dini zao, na dereva akanisubiri huku amezima injini.

Mchangiaji (Nakuru)

Naomba kumuuliza mwenye mada: mama yangu ana magoti mabovu na tunatarajia kwenda hukohuko. Je, hizo feri anaweza kuzipanda?

Mwenye mada (Mombasa)

Feri za zamani zina ngazi na msukumano wa watu, dada, nami singemshauri. Tumia zile boti za umeme zilizoanza mwaka 2023, ambazo zina kituo karibu na Mahakama Kuu ya Ernakulam na kingine Fort Kochi. Gati lake linaelea na kupanda na kushuka pamoja na maji, hivyo sakafu ya boti na ya gati hulingana wakati wote. Siku ya kwanza nilimnyoshea mama mkono ili nimsaidie kuvuka, akaniuliza ninamvusha wapi, maana alikuwa keshaingia.