Kodi ya programu iko wazi lakini maamuzi yanafanyika wapi?

dada_wa_arua: Jamani naombeni mawazo. Huku Arua Sacco yetu inatumia programu huria ya mahesabu, yaani kodi yake (maandishi yanayoiendesha) yeyote anaweza kuiona, jina nitaliacha, na mimi nikatafsiri skrini zote kwa Kiswahili maana akina mama wa sokoni Kiingereza kinawapiga chenga, wiki mbili usiku usiku baada ya kazi. Nikatuma. Miezi minne kimya. Juzi napakua toleo jipya nakuta ile sehemu ya kulipa mkopo kidogo kidogo wameitoa kabisa, nauliza kwa nini naambiwa tuliamua kwenye grupu ya WhatsApp. Grupu gani na sisi hatumo? Hii ni huria kweli au kodi tu imeanikwa?

fundi_mbale: Pole sana dada. Leseni inakupa haki ya kuisoma kodi na kuibadilisha, haikupi kiti kwenye maamuzi, hicho lazima mradi wenyewe ukiweke. Angalia OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, ambayo UgandaEMR ya hospitali zetu imejengwa juu yake, mijadala yao iko hadharani, mtu wa Mbale anasoma sababu na anabisha kabla jambo halijapita. Debian nao, wanaotengeneza mfumo huria wa kuendesha kompyuta, tangu 1997 wameahidi kwa maandishi hawataficha matatizo, orodha ya kasoro zao yeyote anaifungua. Waombe hao wako kitu kama hicho.

kijana_gulu: Chukueni kodi muanzishe yenu! LibreOffice, ile programu ya kazi za ofisi, 2010 si ndivyo ilivyojitoa OpenOffice.

mzee_kodi: Kijana, LibreOffice walitoka watu wengi pamoja, dada ataitunza na nani? Na tusiwahukumu haraka, inawezekana ni mtu mmoja amechoka. Kumbukeni xz, programu ndogo ya kubana mafaili, mwaka 2024, mtunzaji alikuwa karibu peke yake, akaunti zisizojulikana zikamsukuma mpaka akampa mgeni funguo, mgeni akaficha mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Mtaalamu wa programu Andres Freund aliunasa kwa sababu ssh, programu ya kuingia kompyuta iliyo mbali, ilichelewa kama nusu sekunde na kodi alikuwa anaweza kuichimba. Mradi ukikosa watu unaumia, kwa hiyo dada ukidai uwazi peleka na mikono.

dada_wa_arua: Asante mzee, hilo la mikono limenigusa. Nimewaandikia leo hadharani, nimeomba kila uamuzi uandikwe pale pale kodi ilipo, tarehe na sababu, na watangaze kabla ya kutoa kitu. Nimejitolea kujibu maswali ya watumiaji kila Jumamosi. Na nimeambatisha picha ya daftari la mama mmoja, marejesho ya elfu tano tano kurasa tatu nzima, waone wametoa nini.